Nyundo inasema mita 9.4, shimo linasema 11

SWALI: Mimi ni fundi sanifu kwenye mradi wa daraja dogo katika mto wa mchanga wa msimu, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Tulipima kina cha mwamba kwa mitetemo: jiofoni (vihisi vya mtetemo vinavyochomekwa ardhini) 24 zenye nafasi ya mita 2, nyundo ya kilo 8, pigo la kwanza mita 1 kabla ya jiofoni ya kwanza. Grafu ya muda na umbali ilitoa mistari mitatu iliyonyooka, yenye kasi za mita 400, 1,600 na 4,800 kwa sekunde. Mstari wa pili ukirefushwa unakata mhimili wa muda kwenye milisekunde 14.5, wa tatu kwenye 22.5. Tukapata mwamba kwenye mita 9.4. Wachorongaji walipokuja walikuta maji mita 3, "mwamba uliooza" kuanzia mita 7, na graniti ngumu mita 11. Mhandisi mshauri anasema kipimo chetu hakifai. Tulikosea wapi? Na mistari mingine mitano ya jiofoni tuliyopima tuitupe?

JIBU: Ndugu, mistari hiyo msiitupe. Ukirudia hesabu kwa namba ulizotuma inatoka vilevile: mita 3.0 za mchanga mkavu, mita 6.4 za mchanga uliolowa, jumla 9.4. Zile mita 1.6 zinazopungua zimemezwa na mwamba uliooza ambao wachorongaji waliupitia na grafu yenu haikuuonyesha. Kwa kasi mlizopata, tabaka la mita nne la namna hiyo linaweza kukaa katikati bila kuacha alama hata kwenye jiofoni moja, na hilo linathibitika kwa hesabu.

Tuanze na hesabu yenyewe, kwa kuwa wasomaji wengine hawana grafu yako. Jiofoni za karibu na pigo hupata kwanza wimbi lililopita moja kwa moja kwenye mchanga wa juu. Za mbali hupata kwanza wimbi lililoshuka, likaambaa juu ya tabaka lenye kasi zaidi, kisha likapanda. Ni sawa na msafiri anayetembea hadi barabara kuu kupanda basi: kwa safari fupi anayekatiza shambani humtangulia, kwa safari ndefu mwenye basi hufika kwanza. Kila mstari kwenye grafu ni tabaka moja, na mwinamo wake ndio unaotoa kasi.

Kina cha tabaka la kwanza ni nusu ya muda ambapo mstari wa pili unakata mhimili, mara kasi ya kwanza, gawa kwa kosini ya pembe ambayo sini yake ni V1/V2, yaani kasi ya kwanza gawa kwa ya pili. Kwenu 400/1,600 ni 0.25, kosini yake 0.968. Kwa hiyo 0.00725 × 400 ÷ 0.968 ni mita 3.0. Shimo nalo lilikuta maji mita 3. Mstari wa 1,600 basi ni usawa wa maji: mchanga uleule, ila matundu yake yamejaa maji, na maji peke yake hupitisha sauti kwa karibu mita 1,480 kwa sekunde. Hapa mmelenga sawasawa.

Tabaka la pili linahitaji kwanza muondoe muda ambao wimbi la graniti lilitumia kwenye mchanga mkavu, kwenda na kurudi: 2 × 3.0 × 0.9965 ÷ 400, yaani milisekunde 14.95. Kutoka 22.5 zinabaki 7.55. Kwenye mchanga uliolowa, pembe ya wimbi linaloambaa juu ya graniti ina sini ya 1,600/4,800, kosini 0.943, kwa hiyo kila milisekunde iliyobaki ni mita 0.85. Jibu ni mita 6.4.

Sasa washukiwa wa kawaida. Wa kwanza ni swichi ya nyundo inayoanzisha saa ya mashine. Ikichelewa milisekunde moja, nyakati zote zinapungua milisekunde moja. Watu hudhani kosa hilo linaharibu kina chote, lakini angalia hesabu: tabaka la kwanza linapungua mita 0.2, na kwa kuwa mnaondoa muda wake kabla ya kukokotoa la pili, la pili halibadiliki karibu kabisa. Ili swichi peke yake iwapoteze mita 1.6 ingebidi ichelewe milisekunde 8 hadi 9, na mngeiona mara moja, maana mstari wa kwanza usingepita kwenye sifuri. Uangalieni, lakini huyu simshuku.

Wa pili ni usomaji wa mfiko wa kwanza, yaani wakati wimbi la kwanza linapofika kwenye jiofoni. Kosa la milisekunde moja kwenye mstari wa tatu pekee lina uzito: mita 0.85. Ila fikiria upande linakoelekea. Jiofoni za mbali hupata wimbi dhaifu, na msomaji akiukosa mdundo wa kwanza hushika wa pili, yaani anachelewa. Kuchelewa kunazidisha kina. Kina chenu kimepungua, kwa hiyo mngekuwa mmesoma mapema, mkashika kelele ya upepo au ya jenereta iliyotangulia wimbi. Rudini kwenye rekodi za jiofoni ya 15 hadi 24. Kama kabla ya wimbi kumetulia, huyu naye aachiwe.

Wa tatu ni mwinamo wa mwamba na mahali shimo lilipochorongwa. Hukuandika kama mlipiga nyundo pande zote mbili, wala kama shimo liko upande gani. Kina kinachotokana na muda wa kukata mhimili ni kina cha chini ya pigo, tena kikipimwa kwa pembe mraba na uso wa mwamba wenyewe. Tuseme upande mmoja graniti ilisoma 4,400 na upande wa pili 5,280. Kasi halisi ni takriban 4,800, lakini mwamba unateremka karibu digrii 1.8, kuelekea kule ambako mawimbi yaliyosoma 4,400 yalikuwa yakienda. Digrii 1.8 kwenye mita 46 ni karibu mita 1.5. Kama shimo liko mwisho wa mstari na kina chenu ni cha mwanzo, ugomvi wenu na mhandisi mshauri hauna msingi: kila mmoja amepima mahali pake. Mwenye pigo la upande mmoja tu hawezi kuujua mwinamo, na hapo mhandisi ana haki ya kuilalamikia kazi.

Nachukulia sasa kwamba shimo liko karibu na pigo na mwamba haujainama sana. Anabaki mshukiwa wa nne, tabaka lililojificha.

Mwamba uliooza wa graniti kwa kawaida hupitisha mawimbi kwa kasi ya 1,500 hadi 3,000, kutegemea umeoza kiasi gani. Tuuwekee 2,400. Chukua ardhi ile wachorongaji waliyoieleza: mita 3 mchanga mkavu, mita 4 mchanga uliolowa, mita 4 mwamba uliooza, kisha graniti. Ikikokotolewa kwenda mbele, yaani kutoka matabaka kwenda kwenye muda, mistari ya muda inakuwa hivi:

mchanga uliolowa: 14.5 + x/1.6
mwamba uliooza: 18.5 + x/2.4
graniti: 22.5 + x/4.8

Muda ni kwa milisekunde na x ni umbali kwa mita. Mwamba uliooza unaupita mchanga uliolowa kwenye mita 19.2. Graniti inaupita mwamba uliooza kwenye mita 19.3 au 19.4. Nafasi ambayo mwamba uliooza unafika wa kwanza haifiki hata sentimita 20, na jiofoni zenu ziko mita 19 na mita 21 kutoka kwenye pigo. Hata mngezisogeza hadi nafasi ya nusu mita msingeona kitu. Wimbi lake lipo kwenye rekodi, lakini linakuja nyuma ya wengine, nasi tunasoma wanaofika kwanza tu.

Muda wa graniti uliotoka hapo ni 22.5, uleule mliousoma. Vipimo vyenu na shimo la wachorongaji vinakubaliana kabisa. Kilichopunguza mita 1.6 ni kuhesabu sehemu ya njia kwa kasi ya 1,600 wakati wimbi lilipita kwa 2,400. Kwa muda uleule, kasi kubwa ni unene mkubwa.

Swali la maana kwa mistari mingine mitano ni hili: tabaka lililojificha linaweza kuwa nene kiasi gani kabla halijalazimika kuonekana? Hilo lina kikomo, na kikomo kinakokotoleka. Tafuteni pale mstari wa pili na wa tatu vinapokutana; kwenu ni mita 19.2 na milisekunde 26.5. Chagueni kasi ya tabaka la kati, tuseme 2,400, na mpitishe mstari wa kasi hiyo kwenye nukta hiyohiyo. Unakata mhimili kwenye 18.5. Tumieni muda huo kama vile ni tabaka halali kupata unene wa mchanga uliolowa: mita 4.0. Kisha ondoeni muda wa mchanga mkavu na wa mchanga uliolowa kutoka 22.5, kilichobaki mkigeuze kuwa unene wa mwamba uliooza: mita 3.9. Jumla 10.9. Zile mita 3.9 ndizo unene wa juu kabisa ambao tabaka la 2,400 linaweza kuwa nao bila kuonekana.

Nimejaribu na kasi nyingine kwa namba zenu. Kwa 2,000 graniti inaweza kushuka hadi mita 10.4. Kwa 3,000 hadi 11.2. Kwa 3,600 bado ni 11.2, kwa sababu tabaka lenye kasi kubwa hivyo hulazimika kuwa jembamba. Kwa hiyo tangu mwanzo, kabla mchorongaji hajawasha mashine, ripoti yenu ingeweza kusema: graniti ngumu ipo kati ya mita 9.4 na 11.2. Mita 11 ya shimo inaangukia ndani. Hesabu hii inafanyika kwa kikokotoo cha simu, na sioni sababu ya ripoti ya misingi katika nchi ya graniti iliyooza kutoka bila hiyo.

Mistari mitano basi ikokotoeni hivyohivyo, kila mmoja na kina chake cha chini na cha juu. Msifanye ninavyoona watu wakifanya, kuchukua 11 gawa kwa 9.4, kupata 1.17 na kuzidisha kila kina kwa namba hiyo. Mwamba hauozi kwa uwiano. Chini ya mkondo wa mto huenda maji yamekwishauondoa wote na graniti inakutana na mchanga moja kwa moja. Pembeni unaweza kuwa mara mbili ya ule wa shimoni. Mahali nguzo ya daraja itakaposimama palipo na tofauti kubwa kati ya kina cha chini na cha juu, hapo ndipo pa kuomba shimo la pili.

Na shimo lenyewe liulizeni maswali. Waliendelea mita ngapi ndani ya graniti baada ya mita 11? Graniti ya nchi hii huoza ikiacha mawe makubwa ya mviringo yakielea ndani ya udongo wake. Mwanza yanaonekana juu ya ardhi, Dodoma mengi bado yamezikwa. Mchorongaji aliyegusa jiwe la mita mbili akasimama ataandika "mwamba". Mita 3 mfululizo za sampuli ngumu ndicho kiwango cha chini cha kuridhika.

Kwa kuwa shimo lipo, litumieni kabla halijabomoka. Wekeni bomba la plastiki, jazeni nafasi ya nje ya bomba kwa uji wa saruji (pengo la hewa nyuma ya bomba huua wimbi), shusheni jiofoni ya shimoni inayobanwa ukutani, na mpige nyundo juu, mita 2 kutoka mdomoni. Someni muda kila mita moja. Hapo kila tabaka linapitiwa, hakuna la kujificha, na ile 2,400 niliyoiwekea mwamba uliooza mtaibadilisha kwa kasi halisi ya kwenu. Kazi ya saa mbili au tatu.

Kuna anayeweza kuwashauri mrudie kwa mawimbi ya S (yanayotikisa ardhi kwa ubavu, tofauti na ya P mliyotumia, yanayoibana na kuiachia), kwa ubao uliokandamizwa na gari na kupigwa ubavuni. Yana faida moja kubwa: maji hayayashughulishi, kwa hiyo hayachanganyi usawa wa maji na mwamba laini, kosa ambalo kwenye mawimbi ya P ni rahisi sana kwa sababu yote mawili yanaweza kusoma 1,600. Lakini tabaka lililojificha halifichuliwi kwa lazima. Kwa kasi za kawaida za S, kama 220 kwenye mchanga, 1,000 kwenye mwamba uliooza na 2,700 kwenye graniti, zile mita nne zinajificha tena. Mbinu ya mawimbi ya juu ya ardhi, MASW, inafaa zaidi kuuona ugumu unavyopanda taratibu, ingawa mipaka yake huwa na ukungu kadiri unavyokwenda chini. Inataka jiofoni za 4.5 Hz.

Tomografia, yaani kuchora kwa kompyuta picha ya kasi za chini ya ardhi, nayo haiondoi tatizo. Programu kama pyGIMLi, ambayo ni ya bure, itachora picha nzuri yenye kasi inayopanda polepole kutoka 1,600 hadi 4,800, na mtu ataona 2,400 katikati na kufurahi. Rangi ile imetoka kwenye ulainishaji uliowekwa na programu. Miale ya mfiko wa kwanza haikubeba habari hiyo. Jaribio lake ni rahisi: anzeni na modeli mbili tofauti kabisa, moja ya kasi inayopanda taratibu na nyingine ya matabaka. Zote zikishuka hadi kosa la wastani la milisekunde 1 hivi na picha zikawa tofauti, sehemu inayotofautiana haijulikani kwa data zenu.

Kuna tatizo kinyume cha hili, na ni baya zaidi: tabaka laini chini ya gumu. Wimbi likitoka kwenye kasi kubwa kuingia ndogo hupinda kuelekea chini, haliambai, halirudi kama mstari mpya. Kwenu mtoni si rahisi, lakini kwenye barabara za kuingilia darajani, penye ganda gumu la moramu juu ya mfinyanzi, linawezekana. Na pwani, matumbawe magumu yakikaa juu ya mchanga, ni jambo la kutarajia. Hapo kina kinazidi badala ya kupungua. Mita moja ya udongo wa 500 ikihesabiwa kwa kasi ya 2,500 ya matumbawe hugeuka karibu mita tano. Dalili yake ni mfiko wa kwanza unaofifia haraka kisha kuruka: ganda jembamba haliwezi kubeba nguvu mbali. Mkiona hivyo, acheni mbinu hii, tumieni MASW au mchoronge.

Mkirudi uwanjani kwa mistari mipya, ongezeni mapigo. Saba kwa kila mstari: mawili ya mwisho mita 1 nje ya jiofoni za kingo, mawili mita 20 hadi 30 nje zaidi, na matatu ndani. Yale ya nje ndiyo yanayowapa graniti chini ya jiofoni zote, si chini ya ncha tu, na bila hayo hamwezi kupata kina chini ya kila jiofoni kwa njia ya kujumlisha na kutoa aliyoieleza Hagedoorn mwaka 1959. Muda kutoka pigo la ncha A hadi ncha B lazima ulingane na ule wa B hadi A. Ukitofautiana zaidi ya milisekunde 1, kuna jiofoni iliyokaa vibaya, swichi inayochelewa au umbali uliopimwa vibaya. Chukueni sampuli kila milisekunde 0.125 au 0.25, rekodi ya milisekunde 250 inatosha.

Mchanga mkavu hunyonya pigo. Chimbeni sentimita 20 hadi 30, kandamizeni bamba la chuma mpaka likae imara, na mtupe rekodi ya pigo la kwanza ambalo bado linaliketisha. Kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya mapigo, hivyo mapigo 16 huipunguza mara nne na mapigo 25 mara tano tu. Baada ya hapo ni afadhali kusubiri upepo utulie alfajiri. Jiofoni zizikwe hadi shingoni, wima. Jiofoni iliyoegemea mzizi husoma upepo. Jihadharini pia na sauti ya hewani, mita 340 kwa sekunde hivi: mchanga mkavu uliolegea unaweza kuwa chini ya kasi hiyo, na hapo mlio wa nyundo kwenye bamba hufika jiofoni za karibu kabla ya wimbi la ardhini. Ukiona kasi ya kwanza ya 335 au 340 iliyonyooka kupita kiasi, shuku hewa kabla ya kuandika mchanga.

Kwa mhandisi mshauri, andikeni hivi kwenye ukurasa wa matokeo: "Kina cha graniti ngumu kwenye mstari wa kwanza ni mita 9.4 kama hakuna mwamba uliooza, na kisichozidi mita 11.2 kama upo na haujaonekana kwenye mifiko ya kwanza. Uchorongaji umekuta mita 11.0, ukiwa na mwamba uliooza kuanzia mita 7." Chini yake wekeni jedwali la mistari mitano yenye safu hizohizo mbili, na mchoro wa mahali shimo lilipo ukilinganishwa na kila pigo.